Re: Gari dogo la mkononi chini ya pauni 3,000, niangalie nini?

Kutoka: Dada wa Coventry

Habari za jioni wanajumuiya,

Nimepata kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao na mwajiri anataka mtu mwenye usafiri wake. Zamu ya kwanza ni saa moja asubuhi, na Jumapili basi la saa hiyo halipo. Leseni yangu ni ya Tanzania, bado sijamaliza mwaka hapa.

Nina pauni 3,000, bima mbali. Nimeona matangazo matatu: Toyota Yaris ya 2012, Ford Fiesta ya 2014 yenye injini ya lita moja na turbo (maili chache, bei nzuri kuliko zote), na Toyota Aygo ya 2013. Nyumbani nilizoea tangazo la "injini haijafunguliwa, ingia barabarani", na kaka yangu ndiye aliyekuwa anakwenda kuangalia. Huku sina kaka wala fundi. Naombeni mawazo kabla sijauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kutoka: Fundi, Reading

Dada, karibu sana Uingereza na hongera kwa kazi.

Kabla hujapanda treni kwenda kuangalia chochote, chukua namba ya gari kwenye picha ya tangazo, ingia GOV.UK, tovuti ya serikali, tafuta historia ya MOT. Ni bure. MOT ndiyo ukaguzi wa kila mwaka, gari linaanza kukaguliwa likitimiza miaka mitatu. Nyumbani gari la mkononi unalijua kwa kumjua mwenye nalo. Huku mwenye nalo humjui, lakini gari lenyewe lina faili, na faili hilo liko wazi kwa mtu yeyote.

Kwanza soma maili. Zinatakiwa zipande mwaka hadi mwaka. Ukikuta mwaka mmoja 83,000 na unaofuata 71,000, mita imechezewa, funga ukurasa. (Pengo la 2020 lisikutishe. Wakati wa corona serikali iliongeza miezi sita kwa magari ambayo MOT yake ilikuwa inaisha kuanzia 30 Machi mwaka ule.)

Halafu soma maonyo. Hivi ni vitu ambavyo havijaliangusha gari ila mkaguzi ameandika kwamba vinaelekea kubaya. Tairi kuisha au pedi za breki si neno, gari linatembea. Ninachokiogopa mimi ni onyo lilelile linalorudi mwaka baada ya mwaka: bomba la breki lina kutu, oili inavuja, bushi zimekatika. Maana yake mwenye gari halitengenezi, analipitisha tu. Mtu wa namna hiyo usitegemee kwamba oili alikuwa anabadilisha. Kutu hasa uisome vizuri, maana chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi inakula chini ya gari wakati juu bado linang'aa.

Sasa magari yako.

Fiesta hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu. Injini yake ya lita moja yenye turbo, ya miaka ile, ina mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Mkanda ukizeeka unamomonyoka, vipande vinaziba chujio la pampu ya oili, oili haipandi, injini inakufa. Ford waliweka muda wa kuubadilisha miaka 10, na gari la 2014 limeshavuka. Kazi hiyo inapita pauni 1,000 bila shida. Kama muuzaji hana risiti ya mkanda, hiyo bei nzuri si nzuri.

Aygo ni gari zuri la mtu mmoja na begi. Injini ya Toyota, silinda tatu, inatumia cheni badala ya mkanda. Tena gari hilohilo linaitwa Peugeot 107 na Citroën C1, yote matatu yalitoka kiwanda kimoja huko Kolín, Jamhuri ya Cheki. Ukiona nembo ya Toyota imepandisha bei, tafuta ndugu zake. Ukienda kuliona, inua zulia la buti uguse chini kwa mkono. Haya magari yanaingiza maji nyuma. Klachi nayo huchoka mapema. Na kama limeandikwa otomatiki, fahamu kwamba wengi wa hao si otomatiki halisi: ni gia za kawaida na klachi inayokanyagwa na mashine, na mashine hiyo ikisumbua utalia.

Yaris ndiyo Vitz yetu ya nyumbani. Injini ya petroli inatumia cheni, haina makuu. Anza na hiyo, faili lake likiwa safi.

Kutoka: Abu Salma, Birmingham

Nyongeza fupi. Coventry na Birmingham ni pua na mdomo, utaingia tu. Katikati ya mji wetu kuna eneo la hewa safi tangu Juni 2021, gari lisilotimiza kiwango linalipa pauni 8 kwa siku. Petroli ya kuanzia 2006 kwa kawaida inapita. Dizeli za kabla ya Septemba 2015 nyingi hazipiti, ndiyo maana zinauzwa bei ya kutupa. Usishawishike. Namba ya gari unaweza kuihakiki kwenye GOV.UK hukohuko.

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Mdogo wangu, mimi nafanya kazi hiyohiyo. Fundi anasema faili, mimi nasema bima, na ipigie hesabu kabla ya kupenda gari. Weka namba ya kila gari kwenye tovuti za kulinganisha bima uone. Magari mawili ya bei moja yanaweza kutofautiana pauni mia kadhaa, na ukiwa na leseni ya kigeni ndiyo kabisa.

Na sikiliza hapa vizuri, maana wengi hawaambiwi. Bima ya kawaida inayosema "matumizi binafsi na kwenda kazini" inakulinda kwenda sehemu moja ya kazi na kurudi. Wewe utakuwa unatoka kwa bibi huyu kwenda kwa babu yule. Hiyo ni biashara, lazima uongezewe kipengele hicho. Ukigonga kati ya mteja na mteja bila hicho kipengele, kampuni ya bima inaweza kukukana. Muulize pia mwajiri analipa kiasi gani kwa maili. Kiwango cha HMRC (mamlaka ya kodi) kisichokatwa kodi kimekuwa peni 45 tangu 2011, kwa maili 10,000 za kwanza za mwaka. Akikulipa chini ya hapo, tofauti unaweza kuiombea nafuu ya kodi.

Leseni ya nyumbani inakufikisha miezi 12 tangu ulipohamia, basi. Omba leseni ya muda ya hapa (ya mwanafunzi) sasa hivi, foleni za mtihani wa kuendesha ni ndefu.

Kutoka: Msee wa Luton

Hamjambo wote. Mimi nitasema tu Toyota, mambo kwisha. Kama si Yaris basi Honda Jazz, ile tunaita Fit. Hizi za Ulaya waachie wenyewe.

Kutoka: Fundi, Reading

Kaka wa Luton, nimeshaona Yaris iliyonyimwa oili mpaka inalia kama cherehani. Nembo haibadilishi oili. Jazz ni gari zuri kweli, ila wezi wa katalisti (kifaa cha ekzosi kinachosafisha moshi) wanaipenda pia, kwa hiyo mtu wa kulaza gari barabarani aangalie kama ekzosi ya chini bado ni yenyewe.

Dada, ukienda kuliona: piga simu ukiwa umesema tu "nauliza habari ya gari". Akijibu "gari lipi?", huyo ni dalali anayejifanya mwenye mali. Tofauti yake ni kubwa. Mfanyabiashara anabanwa na sheria ya walaji ya 2015, gari likiwa na kasoro una siku 30 za kulirudisha. Mtu binafsi habanwi hivyo, ilimradi asikudanganye kuhusu gari.

Mwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, kuna kitu cha asubuhi hakutaka ukisikie. Fungua swichi bila kuwasha: taa zote za dashibodi ziwake, pamoja na ya injini. Isiyowaka kabisa imezibwa. Kisha washa na sikiliza sekunde za mwanzo, ndipo cheni iliyolegea inaposema, inagonga-gonga halafu inanyamaza oili ikifika. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida, lakini usipoisha gari likishapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, ondoka.

Barabarani, tafuta mlima mdogo, weka gia ya tatu, nenda taratibu kisha kanyaga mafuta. Injini ikipiga kelele na gari halikimbii, klachi imekwisha. Kwenye uwanja wa maduka kata kona mpaka mwisho, kulia na kushoto. Ukisikia tak-tak-tak kwenye gurudumu la mbele, ni sivi jointi, maungio yanayozungusha gurudumu.

Nenda mchana, pasipo mvua. Rangi ikilowa hata puti haionekani.

Kutoka: Dada wa Coventry

Shikamoo Mzee Fundi, na asanteni wote. Mrejesho.

Yaris niliifungulia faili nikiwa kitandani: kutu chini, upande wa nyuma, imeandikwa miaka minne mfululizo, kila mwaka neno kali kuliko la mwaka uliopita. Picha zake za tangazo utadhani imetoka dukani. Sikwenda. Muuzaji wa Fiesta nilipomuuliza risiti ya mkanda alisema "hizo huwa hazina mkanda".

Leo nimeona Citroën C1 ya 2012, ya mama mzee wa hapahapa mtaa wa pili ambaye ameacha kuendesha. Maili 49,000, anataka 2,600. Boneti baridi. Ana bahasha ya risiti kuanzia mwanzo, oili kila mwaka hata mwaka aliotembea maili 1,500. Kitambulisho chake na anwani ya kwenye V5C (hati ya usajili wa gari) vinalingana. Buti kavu. Tairi za mbele zina maua mengi lakini pembeni kuna vinyufa vidogo kama udongo uliokauka. Klachi inashika juu sana, karibu mguu unaachia wote. Bima na kipengele cha biashara nimeshapata bei, inabebeka. Nimwambieje kuhusu tairi bila kumvunjia heshima?

Kutoka: Fundi, Reading

Marahaba mwanangu. Pembeni ya tairi kuna DOT na tarakimu nne za mwisho. Ikiwa 1516, ni wiki ya 15 ya 2016. Mwonyeshe hizo namba, yeye mwenyewe atahesabu. Klachi inayoshika juu imebakiza muda mfupi, inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa miezi, na kwa kazi yako ya kusimama kila mtaa utaimaliza mapema. Chukua bei ya klachi kwa karakana ya jirani kabla ya kurudi kwake, umpe hesabu ya vitu vyote viwili pamoja. Mimi ningemwambia 2,200 na kusimama 2,350.

Lipia pia ripoti ya historia ya gari. MOT haikwambii kama lina mkopo, au kama bima iliwahi kulifuta baada ya ajali. Tangu Oktoba 2017 yanayoruhusiwa kurudi barabarani yanaandikwa S kama chesisi iliguswa, N kama haikuguswa.

Kodi ya barabara yake haihami na gari. Akishakupa kipande cha kijani cha V5C, tumia namba yake ya tarakimu 12 ukalipe mtandaoni ukiwa bado sebuleni kwake, na bima iwe imeanza saa hiyo, ndipo utie ufunguo. Sehemu iliyobaki aijaze yeye kwa DVLA (mamlaka ya usajili wa magari) mbele yako. Pesa tuma benki kwa benki, na akupe risiti yenye maili na tarehe. Na ufunguo wa pili, muulize uko wapi.