Mjadala: Ngoma za Bagamoyo zikirushwa mubashara, nakala abaki nayo nani?

Mleta mada: Wadau, kila msimu wa tamasha pale TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni hapa Bagamoyo, hoja ni ile ile: vikundi virushe mubashara, inatosha, video itabaki mtandaoni milele. Napinga hiyo "milele".

Mwaka 2007 huko Marekani, Justin Kan alifunga kamera kwenye kofia akarusha maisha yake usiku na mchana. Mwaka huo huo tovuti yake, Justin.tv, ikamfungulia kila mtu arushe ya kwake. Ustream, tovuti nyingine ya kurusha mubashara, ilianza 2007 pia. Stickam, ya aina hiyo hiyo, ilizitangulia, 2005. Watu wakajaa. Lakini kila mtazamaji aliyeongezeka aliongeza gharama ya data, matangazo hayakufidia, na mechi zilizorushwa bila kibali zikaleta kesi. Kilicholipa ni michezo ya kompyuta, ikatengewa tovuti yake, Twitch, mwaka 2011. Juni 2014 Justin.tv ikafuta video ilizokuwa imehifadhi, Agosti ikafungwa, na mwezi huo huo Amazon ikakubali kuinunua Twitch kwa dola milioni 970. Stickam ilishafungwa 2013. Pesa ilipatikana, video za watu zikafutwa.

Mchangiaji: Mkuu, hizo zilikuwa tovuti changa. YouTube ipo tangu 2005, imeenda wapi? Kikundi hakina hela ya kuwamba ngoma upya, wewe unakidai diski! Waache warushe, ndugu zao walioko Muscat waone usiku huo huo.

Mleta mada: Ndugu yangu, waone, tena warushe zaidi. Ila Facebook si changa, na tangu Februari 2025 video mpya za mubashara inazifuta baada ya siku 30; usipozipakua, zimepotea. Wangapi hapa Bagamoyo wamepakua?

Halafu kinachobaki mtandaoni ni kile kilichopenya kwenye bando. Mtandao ukiyumba, picha inaganda palepale mpigaji anapobadilisha mkono, na kijana anayetaka kujifunza anaambulia ukungu. Simu ya pili pembeni, inarekodi tu bila kurusha, inampa mkono mzima, kidole kwa kidole. Hiyo haihitaji mtaji, inahitaji mtu mmoja wa kuishika na kadi ya kumbukumbu.

Wazee wanaojua mapigo haya wanapungua, ndiyo maana nalisemea kwa uchungu. Pendekezo langu: nakala moja ikae kwa kikundi, nyingine TaSUBa, kabla ya jukwaa kufunguliwa kesho yake. Anayepinga aseme nakala ikae wapi.