Mistari ya Kerley kwenye eksirei ya mzee, ni kitu gani hiki?

Binti Kongwa:
Mbukwenyi wakuu. Mzee wangu ana miaka 68, wiki ya tatu sasa anahema kwa tabu, akilala chali anaamka usiku anakaa kitandani kama anasubiri basi. Tumempeleka hospitali moja hapa Dodoma mjini kapigwa eksirei, majibu yanasema mistari ya Kerley B pande zote mbili na moyo umetanuka. Dokta kasema mirija ya limfu imejaa, kaandika dawa ya kukojoza maji, kaita mgonjwa mwingine. Sasa limfu si ndo mambo ya mitoki ya kinenani? Kwenye mapafu inatafuta nini? Na hiyo picha nimeishika dirishani nusu saa nzima sijaona mrija hata mmoja

Zabibu Chungu:
Pole dada. Hapo msizunguke, hiyo TB, shangazi yangu alianza hivohivo

Mpiga Picha wa Makulu:
Zabibu acha kumtisha mwenzio. Makohozi apime tu hakuna hasara, ila TB ikiingia kwenye limfu ya kifua tunaiona zaidi kwenye tezi za shina la pafu, pale mabomba ya hewa na mishipa ya damu inapoingilia, zinavimba, hasa kwa watoto. Mistari ya B ni habari nyingine.

Dada iko hivi, limfu ni yale maji yanayovuja toka kwenye damu na kurudishwa kwa mirija yake, ipo mwili mzima si kinenani tu. Pafu lina njia mbili za limfu, moja imetanda juujuu chini ya ule utando unaolifunika, nyingine inafuatana na mabomba ya hewa na mishipa ya damu huko ndani, na zote zinapita pia kwenye kuta nyembamba zinazogawa pafu vyumba vyumba. Vifuko vyenyewe vya hewa havina mrija ukutani, yani maji yakivuja pale yanatambaa mpaka yaukute ulio jirani. Toka hapo limfu inaenda shinani, inapita tezi za pale koo la hewa linapogawanyika, inapanda pembeni ya koo mpaka inamwagwa kwenye mishipa mikubwa ya damu chini ya shingo. Ya chini ya pafu la kushoto mara nyingi inavukia kulia, ndo maana saratani ya huku tezi zake unaweza kuzikuta kule.

Mrija mzima huuoni kwenye eksirei hata ukodoe wiki. Rudi dirishani, angalia chini pembeni karibu na mbavu, juu kidogo ya ile kona ya chini pafu linapoishia. Kuna vimistari vyeupe vyembamba vimelala, sentimita 1 mpaka 2, vimegusa ukingo wa pafu, vimepangana kama ngazi. Ndo hivyo. Peter Kerley wa Ireland aliviandika 1933 akidhani ni mirija ya limfu iliyojaa, baadae ikaonekana ni zile kuta zimevimba maji. Kwahiyo dokta wako kasema kama Kerley mwenyewe 😂 Kwa moyo uliotanuka maji yanarudi nyuma mapafuni, ulizeni eko, yani ultrasound ya moyo.

Kijana wa Winza:
Mkuu na sie tunaochimba rubi huku Mpwapwa, hili vumbi nalo linapita humo?

Mpiga Picha wa Makulu:
Linapita sana. Seli zinalimeza zinalibeba mpaka kwenye tezi, na vumbi la mwamba wenye silika, yale madini ya kwenye mchanga, likikaa miaka, tezi zinaweza kushika chokaa pembeni, kwenye picha unaona kama ganda la yai. Sitiskani (CT scan, picha ya vipande vipande) ndo inachambua vizuri, zile kuta za vyumba vya pafu zikinenepa laini mara nyingi ni maji, zikiwa na vinundu tunaanza kuwaza saratani au mengine. Lowanisheni mwamba mnapotoboa, kitambaa puani hakitoshi.

Binti Kongwa:
Nimeviona!! Vinne kulia, kushoto viwili na kimoja kama nakibuni. Eko tumepangiwa alhamisi. Mzee kakojoa usiku kucha anailalamikia dawa, ila asubuhi nimemkuta kalala na mto mmoja badala ya mitatu