Mafundi wa tereni za mezani hapa Lubumbashi, frigoliti tupu iliyopakwa rangi si kilima!

Ba yaya na ba leki, wakubwa zangu na wadogo zangu, jambo kwenu. Leo salamu ni fupi, hasira ndiyo ndefu.

Kuna fundi mmoja hapa mjini, jina simtaji, mwenyewe anajijua. Anatengeneza na kuuza tereni za kuchezea vita vya visanamu: vilima, nyumba, misitu, mawe. Picha zake kwenye simu ni tamu kweli, majani yamesimama, kila jiwe na kivuli chake. Nikampa avansi, malipo ya kutangulia, tena kwa dola, si kwa faranga, nikamweleza hali yetu yote. Sisi hatuna meza ya kudumu. Tunachezea sebuleni kwa yaya mmoja kule Golf, na vitu vyangu vinatoka Katuba ndani ya teksi-basi: vinapakatwa, vinabanwa na magunia ya watu, usiku vinarudi vilevile. Nikasema nataka vitu vigumu, visivyo na urembo mwingi, vya kudumu. Akanijibu, "Haina shida, patro."

Sasa njooni muione hiyo haina shida.

Kilima kikubwa nimekipindua. Ndani ni frigoliti, ile nyeupe ya punjepunje inayokuja na televisheni ndani ya katoni. Kitako hakuna. Rangi imepakwa juu ya punje zenyewe, mara moja tu, kisha unga wa mbao wa kijani ukanyunyizwa juu ili macho yasione. Ukingo umechongwa mwembamba kabisa, na pale ndipo kila mtu anaposhika akitaka kukiinua. Kukinyanyua tu, kidole gumba kikazama, kipande cha upana wa kiberiti kikabaki mkononi, punje zikanirukia kwenye sweta. Mnajua ukavu wa huku Juni na Julai. Punje zile hazifagiliki, zinaukimbia ufagio, zinanasa kwenye nywele, kwenye pazia, mpaka kwenye uji wa mtoto.

Upande wa pili kuna mashimo yaliyolika. Hayo hayakutokana na safari. Ni rangi ya kopo, ya kupuliza. Dawa inayobeba rangi ile inayeyusha frigoliti, na gundi ya fundi viatu inafanya vilevile. Hata anayeanza kazi hii analijua hilo, ndiyo maana watu hupaka kwanza gundi nyeupe au rangi ya maji, tena bila kuacha tundu hata la sindano, ndipo wapulize. Huyu alipuliza, ikaliwa, akaona kwa macho yake, akaziba kwa majani ya bandia, akachukua pesa yangu. Nimeyabandua majani. Mashimo yako pale, nitayapiga picha mkitaka.

Halafu nyumba. Tunacheza Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, ikisonga kuelekea Tabora, mji iliouingia Septemba mwaka ule. Nyumba za upande ule ni tembe: kuta za udongo, paa bapa. Paa likiwa bapa, mchezaji atapandisha askari juu, hilo halina mjadala. Na visanamu vyetu ni vya chuma, vya milimita 28, kikosi kizima kikisimama pamoja kina uzito. Paa la huyu bwana ni katoni. Amelipaka gundi nyeupe upande wa juu peke yake, akamwaga mchanga, akaliacha likauke hivyohivyo. Gundi nyeupe ina maji. Upande uliolowa ukikauka unajivuta, na upande wa chini hauna cha kuuvuta nao, basi katoni inajikunja kama chapati iliyoachwa juani. Dawa yake ni rahisi: paka pande zote mbili, weka kati ya mbao mbili, juu weka matofali, subiri. Lakini kusubiri hakuonekani kwenye picha. Sakafu nayo imejikunja, kwa hiyo nyumba nzima inayumba mtu akigusa meza. Yaya aligusa meza. Sajini wangu akaanguka, bunduki ikakatika kwenye kifundo cha mkono. Sajini yule nilimpaka mpaka vifungo vya koti.

Miti nitaisema haraka: katuletea misonobari yenye theluji. Tabora. Theluji.

Nikampigia simu. Nilitegemea basi walau aseme pole. Akaniambia, "Tereni si ya kushikwashikwa, ni ya kuangaliwa."

Ya kuangaliwa? Mchezo wenyewe ni wa mikono! Mita inanyooshwa juu ya vilima, dadu zinarushwa, kiwiko kinaegemea msituni ili mtu ausogeze mzinga wa upande wa pili, na chupa ya bia ya Simba lazima itawekwa juu ya kilima kwa sababu ndipo palipo bapa. Anayetaka cha kuangalia anunue mchoro autundike ukutani.

Mwaka 1812 Mprusia mmoja, Reisswitz, alimpelekea mfalme wa Prusia, ufalme wa zamani wa Ujerumani, Friedrich Wilhelm III, mchezo wake wa vita. Ulikuwa meza iliyo kabati, na ardhi yake ilikuwa ya vigae vinavyopangwa upya kila mchezo, na droo za kuvitunzia. Droo! Zaidi ya miaka 200 iliyopita mtu alishajiuliza tereni italala wapi mchezo ukiisha. Wetu hajajiuliza hata vidole vitaingia wapi.

Na asiniambie mtu kwamba vifaa hakuna. Ile frigoliti ngumu ya bluu isiyo na punje haionekani kila siku, nakubali, na ikionekana bei yake ni ya kutisha. Lakini hata hii nyeupe inavumilia ikivishwa. Wabandike kilima juu ya kitako, na kitako kitokeze kidogo nje ya frigoliti, ili kinachogongwa kiwe kitako. Triplex, ule ubao mwembamba wa tabaka, inafaa, ila kwangu mimi bora zaidi ni ile plastiki nyepesi ya milimita 3 wanayochongea mabango ya maduka. Mafundi wa mabango wanatupa vipande kila wiki, na maji hayaingii, kwa hiyo haipindi. Juu ya frigoliti, shuka kuukuu iliyochovywa kwenye gundi nyeupe ikalazwa vizuri mpaka chini ya kingo. Ikikauka unaigonga kwa ukucha, inalia kavu. Kisha masti, ule uji mzito wa kusawazishia kuta, na masti ichanganywe rangi ya udongo kabla ya kupakwa, si baada. Hii ndiyo siri ninayotaka waisome mara mbili: kila tereni itagongwa na itabanduka mahali. Masti nyeupe ikibanduka, kidonda cheupe kinaonekana toka mlangoni. Masti yenye rangi ya udongo ikibanduka, chini ni udongo tena. Na udongo wetu huku ni mwekundu, hata hauhitaji kubuni rangi.

Mchanga ukishikwa na gundi, upakwe gundi nyingine iliyoongezwa maji juu yake, la sivyo unakwanguka kila vilima vinapopandanishwa ndani ya katoni. Miti iwekwe kwenye vitako vyake yenyewe, itoke, askari waweze kuingia msituni. Na kilima cha mteremko mtupu sikitaki tena hata kwa bure, kisanamu cha chuma hakisimami pale. Nipeni ngazi zenye upana wa vidole viwili.

Kichuguu, kwa mfano. Katanga nzima imejaa vichuguu vikubwa kuliko nyumba, mtoto yeyote wa hapa anaweza kukuchorea kimoja. Hakuna fundi anayetuuzia kichuguu. Tunauziwa theluji.

NYONGEZA: Anayeniandikia ninunue tereni za plastiki zilizotoka kwenye mashine ya 3D, za kuprinti, asante, lakini nyingi zinaprintiwa kwa PLA, na plastiki ile inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Oktoba ya huku, gari limefungwa vioo, limeegeshwa juani, mnara wako unashuka umeinama. Kwa kukaa ndani ya nyumba sina neno nazo.

NYONGEZA 2: Wanaouliza kwa nini Mkongomani acheze vita vya mezani, fungueni uzi wenu. Huu ni wa vilima.

NYONGEZA 3: Leki uliyesema nipake mkono mmoja zaidi wa rangi niache kelele: nipake juu ya nini? Rangi haishiki punje inayong'oka. Unapaka, inatoka na punje yake.

Nawaomba wanaonunua: kabla ya kutoa avansi, msiombe picha ya juu. Ombeni ya chini. Muulizeni kitako ni cha nini, na kabla ya kupuliza amepaka nini. Akisita, ondokeni na pesa yenu. Na kama kuna fundi hapa anayefanya kazi ya shuka na masti ya rangi, aandike bei yake hapahapa mbele ya watu. Ninahitaji vilima, tembe na vichuguu, na sitabisha bei ya mtu anayejua kazi.

Wewe mwenyewe, najua unasoma. Katoni yako iko kwangu, punje zako zote nilizoweza kuzikamata nimezitia humo. Njoo uichukue, na uje na dola zangu.