Naombeni ushauri: mimi ni mkimya, je, uuguzi utanifaa?

Mleta mada

Ndugu zangu, habari zenu. Zimebaki wiki mbili kabla sijathibitisha kozi nitakayosoma chuoni, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Matokeo yangu yananiruhusu kusoma sheria, takwimu au uuguzi. Baba anapendelea sheria kwa sababu nimefaulu vizuri lugha na historia. Mimi mwenyewe moyo wangu uko kwenye uuguzi tangu nilipomhudumia bibi katika miezi saba ya mwisho ya maisha yake. Nilikuwa na daftari ambalo niliandika saa ya kila dozi, kiasi cha maji aliyokunywa na usiku aliolala bila kukohoa, hata ikafika mahali daktari wake akawa analiomba daftari hilo kabla hajaanza kumpima.

Kinachonitia hofu ni haiba yangu. Mimi ni mtu mkimya, na nikikaa na watu wengi kwa saa tatu ni lazima nijitenge kwanza ndipo nguvu zinirudie. Nilifanya jaribio la haiba mtandaoni, likanipa herufi nne na maelezo kwamba watu wa aina yangu wasiende kwenye kazi za kuhudumia watu, bali maabara, maktaba au takwimu. Baada ya mwezi mmoja nililirudia jaribio lilelile, na herufi mbili zikabadilika. Sasa nishike lipi? Ningependa kuwasikia hasa wale waliosoma fani hizi.

Mchangiaji wa kwanza

Mdogo wangu, mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa 11 kazini, na nadhani nakuzidi kwa ukimya. Nakuomba usikubali kuambiwa kwamba kazi hii ni ya wasemaji. Chukua jambo dogo kama kuhesabu pumzi za mgonjwa. Unazihesabu kwa dakika nzima, tena bila kumwambia, kwa sababu mtu akijua kwamba pumzi zake zinahesabiwa huanza kupumua tofauti. Kwa hiyo unaendelea kumshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unapima mapigo ya moyo, huku macho yako yakifuata kifua kinavyopanda na kushuka. Mwenye haraka ya kuzungumza huikatisha dakika ile katikati. Usiku mmoja nilihesabu pumzi 28 kwa mzee ambaye jioni alikuwa na 18, na yeye mwenyewe alikuwa akiniambia hana tatizo lolote. Tulimwita daktari mapema kwa sababu ya hesabu hiyo.

Hata hivyo sitakuficha upande wa pili. Wakati wa kukabidhi zamu ni lazima useme, kwa ufupi na kwa sauti inayosikika, hali ya kila mgonjwa. Ukiona dozi imeandikwa kimakosa ni lazima umwambie aliyeiandika, hata kama ni mkubwa wako na amechoka na hataki kuulizwa. Kuna ukimya wa asili na kuna ukimya wa woga. Ule wa kwanza ni mtaji wodini, lakini wa pili unaweza kumdhuru mgonjwa, nawe ndiye unayejua wako ni upi.

Mchangiaji wa pili

Nimefanya kazi ya ushauri wa wanafunzi kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba nizungumzie hayo majaribio. Jaribio la herufi nne lilibuniwa na Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, wakitumia mawazo ambayo Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliyachapisha mwaka 1921. Udhaifu wake ni kwamba linamlazimisha mtu aangukie upande mmoja au mwingine, ama mkimya ama mchangamfu, ilhali watu wengi wako katikati. Aliye karibu na mstari hubadilika herufi kwa tofauti ya majibu mawili matatu tu, na bila shaka hicho ndicho kilichokupata. Hukukosea kujibu.

Kwa suala la kozi, mimi huona manufaa zaidi katika nadharia ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichapisha mwaka 1959, kwa sababu inaanza na kile mtu anachopenda kukifanya. Aliwagawa watu na kazi katika makundi sita: wanaopenda kazi za mikono na vifaa, wachunguzi, wasanii, wanaopenda kusaidia na kufundisha, wanaopenda kuongoza na kushawishi, na wanaopenda utaratibu na kumbukumbu. Mtu hachukui kundi moja tu, bali huwa na mawili au matatu yanayotangulia. Nikilisoma daftari la bibi yako kwa jicho hilo naona uchunguzi, naona utaratibu, na naona kusaidia. Kupenda kumsaidia mtu si sawa na kupenda mikusanyiko, na hapo ndipo jaribio lako lilipokupotosha.

Naongeza moja. Katika sifa tano kuu za haiba ambazo watafiti wengi wanazitumia leo, inayohusiana zaidi na ufaulu chuoni ni umakini wa kutimiza wajibu, wala si uchangamfu.

Mchangiaji wa tatu

Kuhusu sheria, mzazi asikutishe wala asikuvutie kwa picha ya mahakamani. Mawakili wengi hupitisha siku zao wakisoma na kuandaa mikataba, na mkimya anaweza kustawi huko. Swali la kujiuliza ni kama unaweza kusoma hukumu ya kurasa 60 ukitafuta aya moja iliyobeba uamuzi, ukafurahi ulipoipata, kisha kesho ukaanza nyingine. Mimi nafurahi. Katika maelezo yako sijaona dalili ya furaha hiyo.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mtu wa takwimu, na nasikitika kuona fani yangu imetajwa kama mahali pa kujificha watu. Daftari lako lilikuwa takwimu tayari. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza anayekumbukwa kwa kuwauguza askari wa Vita vya Krimea, vilivyopiganwa dhidi ya Urusi katika miaka ya 1850, alichapisha mwaka 1858 michoro iliyoonyesha kwamba maradhi yanayozuilika yaliwaua askari wengi kuliko majeraha, naye ndiye mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha London. Ukichagua uuguzi, chukua masomo ya takwimu za afya kila unapopewa nafasi ya kuchagua.

Mleta mada

Nawashukuru sana, na nimemsomea baba majibu yenu yote. Amenyamaza, kisha akaniuliza kama kweli daktari alikuwa akiliomba lile daftari, maana hakuwahi kulijua hilo. Dada muuguzi, nimeruhusiwa kukaa siku moja wodini kama mtazamaji. Niangalie nini? Nami nakiri kwamba sijui kama ukimya wangu hauna woga ndani yake.

Mchangiaji wa kwanza

Omba uwepo wakati wa kukabidhi zamu, asubuhi au jioni, usimame karibu usikie kila kitu. Jichunguze kama unatamani kuuliza swali, na kama unatamani, liulize papo hapo, hata sauti ikitetemeka. Halafu mtazame muuguzi anayemwogesha mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuondoka. Ukirudi nyumbani utakuwa umechoka, hilo ni la kawaida kwa watu kama sisi, nami hadi leo hukaa nusu saa peke yangu baada ya zamu. Ila angalia ukiwa umepumzika unamwaza nani: unajiwaza wewe na uchovu wako, au unataka kujua yule mgonjwa wa kitanda cha pembeni ameamkaje. Ukishajua, njoo utuandikie hapa.