Gumzo la Familia: Mafini Zilizoungua Nje, Mbichi Ndani

Salma: Shikamooni wakubwa zangu. Jana nilijaribu kupika mafini za Kiingereza, zile bapa za hamira zinazopikwa kwenye kikaango, nami nimeaibika. Nje ziliungua hadi zikawa nyeusi, na nilipoipasua moja kwa kisu nikakuta katikati unga mbichi unaonata kama gundi. Nilianza na gramu 400 za unga, lakini donge lilipozidi kunishika mikononi niliongeza konzi mbili hadi likakauka. Naomba mnieleze nilikosea wapi.

Mjomba Hamadi: Marahaba, mpwa wangu. Mafini ninazozijua mimi ni vikeki vitamu vinavyookwa katika vikombe vya karatasi. Kumbe kuna za kikaango?

Shangazi Mwanaidi: Hizo zako, Hamadi, ni za Kimarekani, na huumuliwa kwa bekingi pauda, hivyo zinafanana na hizi kwa jina tu. Marahaba, Salma. Kosa lako kubwa ni moto, ingawa mambo yaliharibika tangu ulipoongeza unga. Donge la mafini hutakiwa liwe laini na lenye kunata: kwa gramu 400 za unga mimi hutia mililita 300 za maziwa vuguvugu, gramu 30 za siagi iliyoyeyushwa, vijiko vidogo viwili vya sukari, na kijiko kidogo kimoja na nusu cha hamira ya chenga, chumvi nayo kiasi hicho hicho. Majimaji hayo ndiyo yanayogeuka mvuke juu ya moto na kuvipanua vishimo ambavyo hamira imekwisha kuvianzisha, kwa hiyo ukilikausha donge utapata kimkate kizito kisicho na pa kuingilia siagi. Likikushika, lowesha mikono, na mfuko wa unga uuache ulipo.

Salma: Nitalikandaje, Shangazi, likiwa limelegea hivyo?

Shangazi Mwanaidi: Hulikandi. Unalikoroga kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane tena, unalifunika na kuliacha kwenye jokofu usiku kucha, na protini za unga zitashikana zenyewe. Asubuhi siagi itakuwa imeganda na donge limekazika, hata uweze kuligawa vipande 8 vya gramu 90 na ushei bila kugombana nalo. Viringisha kila kipande, kiweke kwenye trei iliyonyunyiziwa semolina au unga wa mahindi wa chenga, kibonyeze kiwe bapa, nyunyizia tena juu, kisha funika usubiri kama saa moja mpaka viumuke. Usidhani chenga hizo ni mapambo, kwa maana ndizo zinazozuia mafini zisigande kwenye kikaango kisicho na mafuta.

Mjomba Hamadi: Na huo moto uliomponza?

Shangazi Mwanaidi: Uwe mdogo kuliko anavyodhani. Pasha kikaango kizito cha chuma taratibu, kisha udondoshe chenga chache. Zikigeuka kahawia papo hapo, moto umezidi. Kila upande unahitaji dakika 7 au 8, na mtu asiye na subira ndiye anayeongeza moto dakika ya 3. Ukiona uso umeshaiva na ubavu bado unabonyea bila kurudi, zihamishie kwenye oveni yenye nyuzi 175 za Selsiasi kwa dakika 5 hadi 10. Mwenye kipimajoto aangalie katikati pafike nyuzi 93. Halafu Salma, kisu kirudishe kabatini! Kisu hulainisha uso na kuviziba vishimo vyote ulivyovisubiri usiku kucha. Choma ubavu kwa uma kuuzunguka wote, kisha uibandue mafini kwa mikono, ndipo uibanike.

*(Kesho yake, asubuhi)*

Salma: Shikamoo Shangazi, nimezipika. Nne za kwanza zilianza kukolea rangi dakika ya 4, kwa kuwa nilisahau kwamba chuma kikishapata moto hakipoi upesi, nikazimalizia kwenye oveni dakika 6. Nne za pili nilipunguza moto kabla ya kuziweka, nazo zimetoka na uso wa kahawia juu na chini, huku ubavuni ukibaki mkanda mweupe kuzunguka pande zote. Ile niliyoibandua kwa uma ina vishimo vikubwa na vidogo, na siagi imezama yote hata sioni nilipoipaka.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Mkanda huo mweupe ndio niliotaka kuusikia.

Mjomba Hamadi: Niwekee mbili, Salma, ila usizipasue. Uma ninao.