Nyuzi za ganuni na fidla: nimeuziwa rekodi moja kwa bei ya tano

Wakuu, nimepigwa. Na asitokee mtu kuniuliza kwa nini sikusikiliza demo. Nilisikiliza, ilikuwa tamu, kumbe jamaa kaizamisha kwenye mwangwi.

Natengeneza ala ya kompyuta kwa ajili ya taarabu, maana hapa Unguja kumleta mpiga ganuni (ile ala ya nyuzi nyingi za kudonoa) studio saa nne usiku si mchezo. Nikaona tangazo: sampuli za nyuzi, yaani rekodi za noti mojamoja, kila noti tabaka 5 za nguvu, kuanzia ya upole hadi ya kishindo. Nikatuma laki na nusu.

Nikafungua noti ya La ya fidla, ile ya hezi 440. Tabaka ya kwanza na ya tano zikanitia shaka: kwenye zote mpigaji anavuta pumzi palepale, upinde unakwaruza palepale. Nikaipandisha ile ndogo ikalingana na kubwa, nikapindua fezi ya mojawapo, yaani wimbi lake juu likawa chini, nikazipiga pamoja; zikiwa sawasawa zinafutana. Kimya! Mita imelala. Yaani ni rekodi ileile, kaitolea nakala nne za sauti ya chini zaidi akaziita tabaka.

Jamani, upinde ukikandamizwa hauongezi sauti tu. Uzi unakuwa mkali, unakwaruza, rangi yote inabadilika. Ukipigwa kwa upole unakuwa laini kama mtu anayenong'ona. Hiyo haitoki kwenye kitufe cha volumu. Ndiyo maana wanaojua kazi humrudisha mpigaji kitini, wakarekodi noti ileile upya kwa kila nguvu.

Sijamaliza. Fidla ina rekodi moja kwa kila okta (kutoka Do hadi Do inayofuata), noti nyingine zimepandishwa tu kwa kuiendesha rekodi hiyo haraka zaidi. Kadiri unavyopanda ndivyo mtetemo wa kidole unavyokimbia. Ukikaribia kufunga okta unakuwa karibu mara mbili, fidla inalia kama mbuzi. Ganuni nayo, rudia noti moja harakaharaka usikie: cherehani tupu, kwa sababu hakuna rekodi hata ya pili ya kupokezana nayo. Noti ya tatu ya Rasti, ile makamu (ngazi ya noti) ya taarabu, haimo kabisa. Naishusha Mi kwa mkono, senti 50 (robo toni), kila inapotokea.

Nilipomwandikia muuzaji akanijibu, "Kaka, tabaka ni tabaka." Kisha kanibloku.

Kuna aliyewahi kurudishiwa hela kwa mambo haya? Na kama uko mjini una fidla na nafasi Jumamosi, njoo PM. Maikrofoni ninayo, chai juu yangu.