Wenye mbwa wa Mbezi: mnyororo ni wa mbwa, si tai ya kijana wa kazi

Wanajamvi, heshima kwenu.

Ninaandika nikiwa nimeshachomwa sindano nne za chanjo ya kichaa cha mbwa na ninasubiri ya tano, kwa hiyo watakaokwazwa na ukali wa maneno yangu wanivumilie kama mimi nilivyowavumilia mbwa wao.

Ninaishi Mbezi, Dar es Salaam. Nina kisukari, na daktari alinielekeza nitembee angalau nusu saa kila siku. Nilichagua saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu jua halijatoka na bodaboda hazijaanza kugombania njia. Kwa bahati mbaya, saa hiyohiyo ndipo mageti ya nyumba kubwa za mtaa wetu hufunguliwa na mbwa waliolinda usiku kucha wakatolewa nje wanyooshe miguu. Wapo wanaotolewa peke yao kabisa, wajitembeze na kurudi wakishiba matembezi, kama watu wazima. Wapo wanaotolewa na kijana wa kazi ambaye hakuwahi kuulizwa kama anawaweza, na ambaye utamkuta ameuning'iniza mnyororo shingoni mwake mwenyewe kama tai, huku mbwa watatu wakiwa hatua hamsini mbele yake. Kijana huyo simlaumu, maana kila mmoja wa mbwa hao anakaribia kumzidi uzito, na akimpoteza mmoja ndiye atakayekatwa mshahara. Ninayemlaumu bado amelala ndani.

Alhamisi ya wiki tatu zilizopita mmoja wao alinijia kwenye kona ya mtaa wetu. Hakubweka. Nilisimama wima na kuteremsha mikono, kama tunavyoelekezwa, na haikusaidia kitu: alinishika shavu la mguu, akatikisa kichwa mara moja, akaniachia. Suruali ya trakisuti ilibaki na matundu manne safi, mawili huku na mawili huku, kana kwamba yametobolewa kwa kile kidude cha ofisini cha kutobolea karatasi. Aliyenisaidia ni mama muuza vitumbua, ambaye alinikalisha kwenye ndoo yake, akanipa kipande cha sabuni ya mche na kunimiminia maji huku akinikataza kuacha kuosha mpaka robo saa itimie. Alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 ndiyo huduma ya kwanza ya mtu aliyeng'atwa, kabla ya kukimbilia chanjo. Dumu lake zima la maji ya asubuhi liliishia mguuni kwangu. Mwenye mbwa hajamlipa hata hilo.

Mwenye mbwa mwenyewe alitoka baadaye, amevaa kaptula na kushika kikombe cha chai, akaniambia: "Pole sana mzee wangu, lakini huyu huwa hang'ati. Labda ulimwangalia machoni."

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Kila mwenye mbwa niliyewahi kuzungumza naye mtaani kwetu ana somo la kunifundisha: usikimbie, usimtazame, usibebe fimbo, usitoe jasho la woga, mzoee tu naye atakuzoea. Yaani mimi niliyetoka kutembea kwa miguu yangu kwenye barabara ya umma ndiye ninayetakiwa kusomea tabia za mnyama ambaye sikumnunua, na mtoto wa darasa la pili anayesubiri basi la shule gizani naye asome vivyo hivyo, ili mtu mmoja asisumbuke kushika kamba. Na kwenye geti la bwana huyohuyo kuna kibao chekundu kilichoandikwa MBWA MKALI. Mwizi anaonywa; sisi majirani tunaambiwa hang'ati.

Nilipoomba kuona kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, nilijibiwa kwamba iko kwa daktari wa mifugo. Nilipomweleza kwamba mbwa aliyemng'ata mtu hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10 ili ijulikane kama ni mzima, aliitikia kwa heshima zote, akanipa noti ya shilingi elfu kumi "ya nauli" na kuomba tusifikishane mbali. Jumamosi, siku ya pili tu, nilimwona mbwa yuleyule akikojolea nguzo ya umeme, peke yake, bila kamba. Ugonjwa huu dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na mtu analichukulia suala hilo kama kugombana kuhusu uzio.

Jirani yangu mmoja, mzee wa miaka sabini na ushee, hajang'atwa, lakini adha yake pengine inazidi yangu. Anatoka kwenda kuswali alfajiri, mbwa anamkimbilia na kumpangusa pua mbichi kwenye kanzu, na mwenye mbwa anacheka kwamba anasalimiwa. Mzee inambidi arudi nyumbani, aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo, na swala ya jamaa msikitini imempita. Amekwishaanza kuswalia nyumbani.

Msije mkaniambia nawachukia mbwa. Kwetu Moshi tulifuga, na mbwa wetu alikuwa na jina, bakuli na mnyororo. Wala msinipeleke kwa mbwa koko. Mbwa koko anamfahamu binadamu, ukiinama tu kama unaokota jiwe ameshafika mtaa wa pili. Huyu aliyekulia nyuma ya ukuta na kulishwa nyama jiwe halijui.

Mwenyekiti wetu wa mtaa amemwita mwenye mbwa mara mbili, naye hakutokea. Nimwarifu humu, kwa kuwa najua anasoma, kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kusababishwa na mnyama aliye mikononi mwake. Majirani saba wameshakubali kuweka saini kwenye barua ya kwenda polisi na kwa afisa mifugo wa kata. Anayekaa upande wetu na yamemkuta kama haya aniandikie faraghani, aeleze tarehe na geti.

Sindano ya mwisho ni Alhamisi ijayo. Nikitoka kuchomwa nitapita kwake na risiti zote tano, pamoja na ile noti yake ya elfu kumi, ambayo sijaitumia, na nitakwenda na mama wa vitumbua.